Kuhamia Kimuka Kabla Nyumba Haijaisha

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kaunti ya Kajiado. Ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Hakuna jamii inayozaa kwa kasi hiyo. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni watu waliofunga virago Nairobi: walimu, makarani, madereva wa matatu, wafanyakazi wa viwanda vya EPZ pale Athi River, wastaafu, na siku hizi vijana wanaofanya kazi kwa kompyuta na kudhani intaneti ipo kila mahali. Mji wa Kitengela peke yake ulihesabiwa watu 154,436, na bado wapo wazee wanaoukumbuka kama kituo kidogo kwenye njia ya kwenda Namanga.

Kimuka haijafika huko. Iko nyuma ya vilima vya Ngong, upande wa machweo, kwenye barabara inayotoka mjini Ngong kuelekea Suswa. Vilima hivyo huizuia mvua, kwa hiyo mtu anayetoka Ngong kwenye migomba na kabeji hujikuta baada ya mwendo mfupi kwenye migunga, nyasi kavu na upepo usiopumzika. Reli ya SGR iliyofunguliwa Oktoba 2019 ilitoboa vilima kwa handaki la kilomita 4.5 ili kufika upande huo. Nyaya kubwa za umeme zinazolisha Nairobi zina kituo papo hapo Kimuka. Mambo hayo mawili yalitosha kuwaleta madalali. Leo anayetaka kujua Kimuka itakuwaje aende Kitengela akaangalie.

Swali linalostahili kuchambuliwa ni hili: kwa nini watu huhamia huku hasa wakati mambo yamekaza? Mtu angedhani kujenga na kuhama ni shughuli ya wakati wa neema. Mwaka 2020 corona ilipopunguza mishahara na kufunga shule, kodi za nyumba za Nairobi hazikupungua kwa kiwango hicho, na wengi waliokuwa na ploti yenye msingi tu waliamua kupandisha kuta za mabati wakaingia. Septemba 2023 lita ya petroli jijini ilivuka shilingi 211. Mwaka uliofuata sheria ya makazi nafuu ikathibitisha makato ya asilimia 1.5 ya mshahara, na Juni vijana wakajaa barabarani kwa hasira ya kodi nyingine. Kila wimbi la namna hii huacha watu wapya Kajiado. Mijini Kenya, kwa hesabu za sensa ya 2019, karibu wanne kati ya watano wanakaa nyumba za kupanga. Kwa mpangaji aliyebanwa, ploti aliyoinunua kwa mkopo wa sacco miaka sita iliyopita ndiyo mlango pekee ulio wazi. Anaufungua kabla haujapachikwa komeo.

Kwa hiyo nyumba nyingi mpya za Kimuka, Kisaju, Isinya na viunga vya Kitengela zina watu kabla hazijaisha. Dari hakuna. Sakafu ni saruji tupu. Madirisha mawili yana vioo, mengine yamezibwa kwa nailoni inayopigwa na upepo usiku kucha. Chumba kimoja kina mifuko ya simiti na toroli. Wenyewe husema “tumeingia hivyo hivyo,” na hakuna anayecheka, maana jirani naye aliingia hivyo hivyo.

Kuhama kwa namna hii si kwa Kajiado tu, ila hapa kuna sura yake. Tuchukue Ureno. Kwa miaka zaidi ya kumi wageni wenye pesa walihamia Lisbon na pwani ya Algarve kutafuta jua na utulivu. Tangu 2012 serikali iliwapa vibali vya kukaa walionunua nyumba za bei kubwa, hadi mlango huo wa ununuzi wa nyumba ukafungwa Oktoba 2023, mwaka ambao wenyeji waliandamana kwamba kodi zimewashinda. Kule mgeni alikuja na kibunda kinene kuliko cha mwenyeji, na mwenyeji akageuka mpangaji kwao. Kajiado mgeni anakuja akiwa karibu mtupu, na mwenyeji anamuuzia kwa sababu naye ameshikwa pabaya. Misimu mitano ya mvua mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020, ilifeli katika sehemu kubwa ya maeneo makavu ya Kenya. Ng'ombe walikufa Kajiado kwa makundi. Mfugaji aliyebaki na mifupa na karo ya watoto aliuza ekari mbili, kisha tano. Aliyenunua alikuwa anakimbia kodi. Shida mbili zilikutana kwenye ploti moja, na aliyepata faida ni yule aliyesimama katikati na kalamu.

Aliyesimama katikati hukata ekari kwa hesabu ambayo wanunuzi wachache huifuatilia. Ekari ina futi za mraba 43,560. Ploti ya 50 kwa 100 ina 5,000. Ploti nane zinakula 40,000, na kinachobaki, futi 3,560, ndicho kinachoitwa barabara. Hapo ndipo zinapotoka zile njia za Kitengela ambazo boza la maji likiingia linatoka kwa kurudi nyuma, na gari la kunyonya choo linasimama mbali na kuvuta mipira mirefu kupita nyumba tatu. Gari la zimamoto tusilitaje. Anayehamia leo Kimuka, ambako bado kuna nafasi ya kugeuza gari, afahamu kwamba nafasi hiyo ni ploti za wenzake ambao hawajajenga.

Nairobi kodi ya mwezi ilikuwa na mambo mengi ndani yake ambayo mpangaji hakuyaona: maji ya mfereji hata kama ni ya Jumanne na Ijumaa, bomba la taka, mlinzi wa lango, taa ya ngazi, mtu wa takataka. Ukiingia kwenye ploti yako yote hayo yanakugeukia. Unakuwa baraza la mji la mtu mmoja.

Maji ndiyo mtihani wa kwanza. Huku watu hununua kwa boza au kwa mtungi kutoka kisima cha jirani, na visima vingi vya eneo la Bonde la Ufa na kandokando yake vina floridi nyingi. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakubali ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto yanaota na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka, na ikizidi sana kwa miaka mingi mifupa nayo huumia. Wazazi wengi wanaohamia hujitahidi kuchemsha maji. Kuchemsha huua vijidudu, floridi haiondoki. Maji yanapopungua kwa mvuke inakolea zaidi. Mtoto wa chini ya miaka minane, ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi, ndiye anayelipa, na malipo yake yataonekana miaka baadaye akicheka.

Dawa ya karibu ipo juu ya paa. Paa la mita za mraba 100 hupokea lita 100 kwa kila milimita moja ya mvua. Mvua moja nzuri ya milimita 40 inaweza kukupa karibu lita 4,000, ukitoa zinazomwagika na zile za mwanzo zinazosafisha vumbi. Maji hayo hayana floridi. Ajabu ni kwamba nyumba nyingi huezekwa kwanza, zinawekwa vigae vya kupendeza mbele, halafu mifereji ya paa na tanki vinasubiri “tukipata.” Ningekuwa na uwezo wa kupanga ujenzi wa mtu aliyebanwa, ningeweka tanki kabla ya dari, kabla ya rangi, hata kabla ya lango lile zito linalogharimu kama nusu ya nyumba.

Udongo ni mtihani wa pili, na Kitengela umewafunza wengi kwa bei ghali. Tambarare za Athi na Kapiti zimefunikwa na udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Msingi uliowekwa juu yake hupanda na kushuka na misimu, na ukuta hupasuka kuanzia pembe ya dirisha. Fundi mwaminifu atakuambia uondoe udongo huo wote mpaka ufike kwenye mwamba au murram, kisha ujaze mawe. Huenda shimo hilo likala pesa ya vyumba viwili. Fundi mwenye njaa atakuambia “hapa pako sawa, mzee.” Wakati mgumu huzalisha mafundi wa aina ya pili kwa wingi, kwa sababu fundi naye anahofia ukisikia gharama utaahirisha, na yeye leo hana unga.

Na maji yakija mengi mno? Aprili na Mei 2024, baada ya miaka ya ukame, mto Athi ulifurika ukaingia mitaa ya Athi River na Kitengela. Ploti zilizonunuliwa kiangazi, zikiwa kavu na tambarare na bei nzuri, zikaonyesha asili yake. Ukitaka kununua, nenda katikati ya masika ukiwa na buti.

Sasa karatasi. Hapa hofu ya mhamaji ina sababu. Oktoba 2023 matingatinga yalibomoa nyumba za watu kwenye ardhi ya kiwanda cha East African Portland Cement huko Mavoko, ng'ambo tu ya Kitengela, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ni ya kampuni. Kulikuwa na nyumba za ghorofa, kulikuwa na vigae, kulikuwa na familia zilizoamini stakabadhi walizopewa. Aprili mwaka huohuo Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, ilikuwa imesema wazi kwamba hatimiliki haimkingi mtu ikiwa mzizi wake ni haramu. Maana yake ni kwamba msako wa kawaida wa ardhi, ule unaoonyesha jina la mwenye hati leo, hautoshi. Inabidi uulize aliyemuuzia alipata wapi, na aliyemuuzia huyo naye.

Kajiado swali hilo lina jibu refu. Mkataba wa 1904 uliwasukuma Wamaasai kutoka Bonde la Ufa; wa 1911 ukawatoa Laikipia na kuwaleta hifadhi ya kusini, ambayo sehemu yake ndiyo Kajiado ya leo. Walikwenda mahakamani mwaka 1913, wakiongozwa na Parsaloi ole Gilisho, wakashindwa. Baada ya uhuru, sheria ya 1968 ikaanzisha ranchi za vikundi, ambapo ardhi ilimilikiwa na wanachama kwa pamoja. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi hizo zikaanza kugawanywa, kila mwanachama na kipande chake na hati yake, na vipande vikaanza kuuzwa. Ardhi ya jamii iliyobaki ikawekewa sheria mpya mwaka 2016. Kwa hiyo nyuma ya ploti yako ya 50 kwa 100 kuna ranchi, nyuma ya ranchi kuna hifadhi ya mkoloni, na mahali fulani katika mnyororo huo huenda kuna mwanachama aliyesahauliwa kwenye daftari, au mjane ambaye hakuulizwa.

Ndiyo sababu Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, ambayo wanunuzi huiona kama usumbufu, ina thamani kuliko muhuri wowote wa wakili. Kwa sheria ya 1967, ardhi ya kilimo ikiuzwa bila idhini ya bodi mkataba ni bure, na maombi ya idhini hiyo hupelekwa ndani ya miezi sita. Tangu sheria za 2012 mwenzi naye lazima akubali. Katika kikao cha bodi mke anaweza kusimama na kusema, “Huyu mzee anauza mahali ninapokamua, na sikujua.” Mnunuzi mwenye haraka hukasirika akisikia hivyo. Afadhali asikie siku hiyo kuliko miaka kumi baadaye akiwa na dari na vigae. Mimi hushuku ploti inayouzwa na kampuni kwa sherehe, hema na chakula cha bure, ambayo mwenye asili yake haonekani hata kwa mbali.

Basi mtu amehama, karatasi ziko sawa, nyumba ina mlango. Je, ametulia? Hapa watu hawasemi ukweli wote. Baba anaondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu na kurudi saa tatu usiku. Anachokijua kuhusu Kimuka ni giza na vumbi kwenye viatu. Anayehama kwa kweli ni yule anayebaki mchana: mke, bibi aliyeletwa kutoka mashambani kulea, msichana wa kazi, watoto waliohamishwa shule katikati ya muhula. Hao ndio husikia upepo, na usiku fisi. Kijana wa miaka kumi na tano aliyetolewa mtaa wa Umoja jijini, ambako rafiki zake walikuwa ngazi moja chini, anaweza kukaa mwaka mzima akiwa na hasira ambayo wazazi huiita uvivu. Mtu aliyepunguzwa kazi akahamia huku kupunguza gharama hukosa pia wale watu ambao wangemsikilizia nafasi nyingine. Nauli ya kwenda mjini “kuonana na watu” huwa ya kwanza kukatwa. Upweke huo haumo kwenye bajeti ya fundi.

Wanaovuka kipindi hicho vizuri, nionavyo, huwa wamefanya jambo moja mapema: wamejiweka mikononi mwa majirani kabla ya kuhitaji msaada. Chama cha ploti, ambacho huanza kama kikundi cha simu cha kulalamika kuhusu barabara, baada ya muda kinachanga pesa za murram, kinakodi mlinzi, kinajua nani ana gari la kumkimbiza mgonjwa Ngong usiku. Mpango wa Nyumba Kumi ulipotangazwa na serikali 2013 wengi waliudharau. Huku ulikuta watu tayari wanahitaji kitu kama hicho.

Lakini majirani wa ploti nyingi mno ni wageni watupu, wote wametoka Nairobi, wote wamejifungia nyuma ya kayaba na nyaya. Yule wa boma la ng'ambo, mwenye mbuzi wanaopita mbele ya lango lako kila asubuhi, hayumo kwenye kikundi. Na ndiye anayejua maji yalipita wapi masika ya mwaka ule, kisima kipi kina chumvi, wezi wanatokea upande gani. Ng'ombe wake walipita hapa kabla ya kayaba yako. Uzio mmoja haumdhuru; uzio mia tano humfungia njia ya kwenda kwenye maji, na kumlazimu kuuza ekari nyingine, na hiyo ikikatwa huleta uzio mwingine hamsini.

Wanyamapori wamekutana na hesabu hiyohiyo. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, haina uzio upande wa kusini ili wanyama watoke wakati wa mvua kwenda tambarare za Kitengela. Tangu 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wafugaji dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasizungushie ardhi yao. Mnunuzi wa ploti hutoa pesa mara nyingi zaidi ya hizo, tena siku moja. Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuingia kwenye mifugo. Machi 2016 simba maarufu aliyeitwa Mohawk alipigwa risasi na askari wa wanyamapori Isinya, mchana, umati ukitazama. Magazeti yaliandika kwamba simba ametoroka mbugani. Wenyeji walishangaa kidogo. Alikuwa kwenye njia yake ya siku zote, ila sasa ina mageti.

Sisemi watu wasihamie Kajiado. Nairobi haina nafasi ya kuwapa kwa mshahara wao, na Mkenya ana haki ya kukaa popote anaponunua kihalali. Nasema anayehama kwa kusukumwa afahamu kwamba hajaikwepa kodi. Ameigawa vipande vipande akaibadilisha majina. Mwenye kipato cha uhakika, hata kidogo, na tanki, na shule ya karibu, atafaidi ndani ya miaka mitatu au minne. Aliyepoteza kazi jana asihamie Kimuka leo kwa nyumba isiyo na maji wala mtu anayemjua. Apange chumba kidogo zaidi palepale mjini, kwenye watu wake, mpaka apate kazi. Aibu ya kushuka kutoka vyumba viwili hadi kimoja hupita. Ukishaweka akiba yako yote kwenye msingi juu ya udongo mweusi, huwezi kuirudisha.

Na kaunti nayo isijifanye haihusiki. Kila ploti inayokatwa huiletea ada, kila nyumba inayojengwa huidai kibali. Kwa ada hizo iweze basi kufanya mambo mawili ambayo mhamaji mmoja mmoja hayawezi: isiidhinishe mgao wa ekari ambao barabara yake haiwezi kugeuza lori, na ipime kila kisima kinachouza maji kuanzia Kimuka hadi Isinya, kisha ibandike kiwango cha floridi penye mfereji, kwa tarakimu kubwa ambazo mama mwenye mtungi anaweza kuzisoma kabla hajalipa.